Swali la Sista

Kila asubuhi, kabla ya chai, kabla ya mafagio,
Sista Akwilina anapita kitanda kwa kitanda.
Akifika kwa mama mkwe wangu anauliza, sauti juu,
kama anayeulizia bei ya bamia:
"Bi Somoe, umejamba?"

Bi Somoe anageukia ukuta.

Mwanamke huyu, niwaambie,
wiki ya kwanza ya ndoa yangu, kule Kitangari,
alinikata jicho kwa kupiga chafya mbele ya wajomba.
Alinifundisha kukohoa ndani ya kanga,
kucheka kwa mabega, bila sauti.
Nyumba yake haikuwa na mlango wa maana
lakini adabu ilikuwa na kitasa na komeo.

Halafu tumbo likavimba.
Siku mbili hakwenda choo, hakusema.
Siku ya tatu akatapika kijani, akasema ni mihogo.
Siku ya nne tumbo ni ngoma iliyowambwa,
ukiligonga kwa kidole linakujibu.
Tukateremka mlima mshikaki kwenye bodaboda,
yeye katikati, hanung'uniki.

Daktari Mmole alichora nyuma ya cheti cha dawa:
utumbo umejisokota
kama kamba ya mbuzi aliyezunguka kigingi.
"Tukiukuta bado mwekundu, tutaunyoosha, tufunge.
Tukiukuta mweusi, tutakata palipokufa, tuunge palipo hai.
Tukishindwa kuunga, mdomo wake tutautoa ubavuni,
atavaa mfuko. Miezi miwili, mitatu, labda zaidi."
"Na tusipofanya kitu?"
Akafunga kalamu.

Mume wangu yuko ghalani, foleni ya korosho, simu imezimika.
Nikanyoosha mkono nisaini. Bi Somoe akaukamata.
"Tumbo langu, kidole changu."
Akaubonyeza wino kama anayeua kunguni.

Walikata. Nilionyeshwa kwenye beseni
kipande cha toka kiganja hadi kiwiko, rangi ya bilinganya.
Wakaunga. Mfuko hakuvaa.
Sasa tunangoja.

Hapa Ndanda maji yanashuka mlimani usiku kucha,
nayasikia yakimwagika pale wanapofulia.
Kwetu juu tumenunua ndoo kwa ndoo maisha yote,
shingo yake inajua.
Leo amelala pembeni ya maji ya bure
na haruhusiwi hata tone.
Namlowanishia midomo kwa pamba.
Anainyonya pamba, ananitazama
kama mtoto amtazamavyo mwenye titi,
halafu anakumbuka mimi ni nani, anafumba macho.

"Hewa ikipita," anasema Sista, "tutajua njia imefunguka.
Ndipo maji. Ndipo uji."
Wodi nzima imeshajua.
Yule wa mawe ya nyongo, kitanda cha saba,
hanisalimii tena, ananiuliza tu: "Bado?"
Binti wa kidole tumbo anatuombea kwa rozari,
jirani yake kwa tasbihi.
Sijawahi kusikia dua nyingi hivi
kwa jambo linalofukuzwa sebuleni.

Usiku wa nne. Taa ya korido peke yake.
Nimelala mkekani, kichwa uvunguni mwa kitanda chake.
Nikasikia.
Si kubwa. Kama mtu anayefungua mlango
akiogopa kuwaamsha walio ndani.

Kimya.
Najua yuko macho. Anajua niko macho.
Miaka kumi na moja ya adabu
imening'inia pale juu, kwenye chandarua.

"Mke wa mwanangu," akasema gizani, "nani huyo?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Kimya tena. Kisha kitanda kikaanza kutikisika,
nikaruka nikidhani ni maumivu.
Kumbe anacheka, kwa mabega,
mikono yote miwili imeukumbatia mshono.

"Mwongo," akasema, akipigania pumzi.
"Nenda kamwamshe Sista.
Mwambie ni mimi.
Na urudi na maji."